Uchambuzi wa kisa: Kuondoa mawe kwa mashine katika shamba la ekari 36, miteremko ya Meru

Kisa hiki kinahusu msimu mmoja wa kusafisha shamba la mawe upande wa mashariki wa Mlima Meru, mkoani Arusha. Jina la mmiliki, kijiji na alama zote za kulitambua shamba zimeondolewa. Vipimo ni vile vilivyoandikwa kwenye daftari la shamba kazi ilipokuwa ikiendelea.

Shamba na mawe yake

Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ni mlima wa volkano, na maelfu ya miaka iliyopita ukuta wake wa mashariki uliporomoka na kumwaga tope na mawe kuelekea Momella na chini zaidi. Vile vilima vidogo vidogo vinavyoonekana Momella ni mabaki ya poromoko hilo. Kwa hiyo mkulima wa upande huu anapata udongo wa majivu, mwepesi na wenye rutuba, uliochanganyika na mawe ya kila ukubwa, kuanzia ya ngumi hadi yanayolingana na gari dogo.

Shamba lenyewe lina mteremko wa asilimia 6 hadi 8. Kwa miaka mingi lililimwa mahindi na maharage kwa plau ya visahani ya kukodi, likapandwa kwa mkono. Mmiliki, mama mwenye uzoefu mrefu wa kilimo, alipata mkataba wa kuzalisha mbegu ya maharage. Mkataba ulidai mistari iliyonyooka, kina kimoja cha mbegu na upandaji wa siku chache, na hayo bila planta ya trekta hayawezekani. Planta nayo haitaki mawe: kisahani kinachofungua mfereji kikikwea jiwe, mbegu tatu au nne zinabaki juu ya udongo, na jiwe likiwa kubwa kisahani kinapinda.

Muda ulikuwa kuanzia mwisho wa Januari hadi masika yaanze, katikati ya Machi. Maharage ya mbegu yangepandwa mwanzoni mwa Aprili ili yakauke mvua zikiwa zimeisha.

Vifaa vilivyokuwepo

Trekta moja ya nguvu farasi 75 yenye kuvuta magurudumu yote manne, plau ya visahani vitatu, haro (zana ya kuvunja mabonge na kulainisha udongo baada ya kulima), tela la tani 4, na mashine ya kuokota mawe iliyonunuliwa ikiwa imetumika nje ya nchi. Mashine hiyo huvutwa nyuma ya trekta ikiwa imekaa pembeni kidogo. Mbele ina meno mapana yanayochota tabaka la juu la udongo kwa upana wa mita 1.5. Juu ya meno kuna gurudumu la makasia linalozungushwa na pitio (mhimili unaotoa nguvu nyuma ya trekta) kwa mizunguko 540 kwa dakika. Makasia yanasukuma kila kilichochotwa kupitia chekeche la vyuma. Udongo unaanguka chini, mawe yanaingia kwenye boksi la mita za ujazo 1.2 linaloinuliwa kwa haidroliki na kumwagwa. Inafaa kwa mawe ya sentimita 5 hadi 30.

Boksi likijaa hubeba kama tani 1.8. Jiwe lenyewe la Meru ni zito kuliko hivyo, karibu tani 2.8 kwa mita moja ya ujazo, lakini mawe yakimwagwa ovyo yanaacha nafasi kubwa katikati.

Muuzaji aliahidi ekari moja kwa saa. Mmiliki akapiga hesabu ya saa 60 za trekta kwa ekari zote 36, akiongeza nyingi za ziada kwa ajili ya kulima na kugeuza. Ilionekana ni hesabu ya mtu mwangalifu.

Kilichotokea

*Wiki ya kwanza: plau ya kina.* Uamuzi wa kwanza ulikuwa kulima kwa kina cha sentimita 28 hadi 30 "ili mawe yote yatoke mara moja". Zililimwa ekari 4 katikati ya shamba. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kueleweka: mashine ilikuwa imegharimu fedha nyingi, na hakuna aliyetaka kurudia kazi mwaka uliofuata.

Haro ikapita mara moja, na mashine ikaingizwa moja kwa moja.

*Siku tano za mashine bila maandalizi.* Siku ya kwanza bolti ya usalama kwenye shafti ya pitio ilikatika mara saba. Hiyo ni bolti ndogo ya M10 (kipenyo cha milimita 10) iliyowekwa makusudi iwe ndiyo inayokatika makasia yakikwama, ili gia boksi na shafti visivunjike. Kila kukatika kulikula dakika 15 hadi 20: kuzima, kushuka, kutoa jiwe lililobanwa, kugonga kipande cha bolti kitoke, kufunga nyingine. Boksi lilichukua wastani wa dakika 45 kujaa na kumwagwa, na sehemu kubwa ya kilichojazwa ilikuwa mabonge ya udongo. Mawe yote yalipelekwa kwenye lundo moja chini ya shamba, mita 400 kutoka eneo la kazi.

Siku ya nne dereva alimwambia mmiliki, "Mama, hizi bolti zinatumaliza. Nitafute ngumu zaidi mjini?" Akajibiwa, "Tafuta, mwanangu, kazi isilale." Zikaletwa bolti za daraja la 12.9 badala ya 8.8.

Siku ya tano hakuna bolti iliyokatika. Mchana jiwe la karibu sentimita 40 liliingia kati ya kasia na chekeche. Krosi (kiungo kinachoruhusu shafti kupinda) ya shafti ya pitio ilipasuka, boriti ya kasia moja ikapinda, na sili ya gia boksi ikaanza kuvuja mafuta. Mashine ilisimama siku 11 ikisubiri vipuri.

*Siku 11 za kusimama.* Hizi ndizo siku zilizookoa msimu, kwa sababu ndipo shamba lilipopimwa kwa mara ya kwanza. Fundi wa zana aliyeitwa kwa ajili ya gia boksi alishauri lisiguswe tena kabla ya kujua lina mawe kiasi gani na wapi.

Kipimo kilikuwa rahisi. Walipima miraba ya mita 10 kwa 10 kwa kamba, mitatu hadi minne kwa kila kitalu, ikichaguliwa kwa kutembea pembe hadi pembe ili jicho lisipendelee sehemu nzuri. Ndani ya kila mraba waliokota mawe yote ya zaidi ya sentimita 5 hadi kina cha sentimita 15, wakayapima kwa mizani ya kuning'iniza na kreti. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, hivyo uzito wa mraba mmoja ukizidishwa kwa 40 unatoa uzito wa ekari.

Shamba likajigawa lenyewe katika vitalu vitatu. Kitalu A, ekari 14 za juu, kilitoa kilo 60 hadi 90 kwa mraba, yaani tani 3 hivi kwa ekari. Kitalu B, ekari 12 za katikati, kilitoa kilo 250 hadi 400 katika sehemu ambayo haikulimwa kwa kina: karibu tani 13 kwa ekari. Kitalu C, ekari 10 karibu na korongo, kilivuka kilo 700, tani 28 kwa ekari, bila kuhesabu mawe makubwa yasiyobebeka.

Halafu wakapima zile ekari 4 zilizolimwa kwa kina, ambazo zilikuwa ndani ya kitalu B. Kwa kuongeza yale yaliyokwisha kuokotwa, zilikuwa na tani 36 kwa ekari. Plau ilikuwa imezidisha mawe ya shamba karibu mara tatu.

*Mpango mpya.* Kitalu A kiliondolewa kwenye orodha ya mashine. Watu wanane wakitembea sambamba na tela waliokota tani 6 kwa siku, na kitalu kiliisha kwa siku saba. Kitalu C kiliahirishwa. Nguvu zote za mashine zikaelekezwa kwenye ekari 8 za B ambazo hazijaharibiwa, na zile 4 zikaachwa mpaka mwisho.

Kwa ekari hizo 8 kina cha kulima kilishushwa hadi sentimita 15. Plau ya visahani haikutumika tena. Haro nzito ilitosha.

Karakana ya mjini ikatengeneza reki ya mawe: boriti ya mita 2.4 inayofungwa kwenye mikono mitatu ya trekta, iliyokaa kwa pembe ya nyuzi 30, yenye meno yaliyokatwa kutoka majani ya springi za lori, nafasi ya sentimita 6 kati ya jino na jino. Kwa sababu boriti imekaa mshazari, upana inaoufagia ni mita 2 tu. Trekta ikienda, mawe yanasukumwa kuelekea kulia. Ikirudi upande wa pili wa mstari, yanasukumwa tena kulia, yaani kuelekea yale ya kwanza. Zinapatikana mita 4 za shamba zilizokusanywa kwenye mstari mmoja wa mawe.

Reki ya kwanza ilivunjika meno matano ndani ya saa tatu. Yote yalivunjika kando tu ya sehemu ya kuchomelea. Chuma cha springi kikichomewa kwa moto wa kawaida na kupoa haraka kinakuwa kikavu kama kigae pale joto lilipopita, na jino linafanya kazi ya kupinda na kurudi siku nzima. Meno yalifungwa upya bila kuchomelea: kila jino kati ya vipande viwili vya bapa vya chuma, kwa bolti mbili za M16. Baada ya hapo lilivunjika jino moja tu hadi mwisho wa msimu.

Mawe makubwa yalishughulikiwa kabla ya reki. Watu wawili walitembea kila mstari na mtaimbo, wakapaka chokaa kila jiwe lililoonekana kuzidi sentimita 30. Kijiko (mashine ya kuchimba) cha kukodi kwa saa kikayang'oa. Yalikuwa 28 yaliyozidi sentimita 50.

*Kazi yenyewe.* Mfuatano ulikuwa huu: haro, siku mbili za jua, reki, mashine juu ya mstari wa mawe, haro nyepesi, reki ya pili, mashine. Bolti za 8.8 zilirudishwa. Meno ya mashine yalipandishwa yachote sentimita 3 hadi 4 tu badala ya 10. Boksi sasa lilijaa na kumwagwa kwa dakika 20, na bolti zilikatika moja au mbili kwa siku.

Lundo la chini ya shamba liliachwa. Mawe yalimwagwa kwenye mistari ya kontua (inayokata mteremko kwa usawa mmoja), kila baada ya mita 100 hivi, ambako vijana walikuwa wamechimba mtaro wa kina cha sentimita 20. Mawe makubwa yalipangwa chini kama msingi, madogo yakajaza nyuma upande wa juu wa mteremko, mpaka ukuta wa nusu mita. Wenyeji walijua kujenga kuta za namna hii, wala hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Mvua ya kwanza nzito ilinyesha katikati ya Machi, na mashine ikatolewa shambani.

Matokeo

Ekari 22 zilipandwa maharage ya mbegu kwa planta: 14 za A na 8 za B. Zile ekari 4 zilizolimwa kwa kina zilirudiwa kwa reki na mashine kwa saa 13, zikabaki na tani 7 hivi kwa ekari. Zilipandwa mahindi kwa mkono. Kitalu C hakikuguswa.

Saa za trekta zilifika 118 badala ya 60: mashine ya kuokota saa 61, reki 24, kulima na haro 19, tela 14. Dizeli ilikuwa karibu lita 830. Katika zile saa 61, saa 29 zilikuwa za siku tano za mwanzo, na zilitoa tani 45 tu za mawe halisi. Ekari 8 za kitalu B, zenye zaidi ya tani 100, zilimalizika kwa saa 19.

Ulibakizwa ukanda wa robo ekari ndani ya kitalu B ambao haukuokotwa, ukapandwa na planta ileile siku ileile. Planta iliwekwa itoe mbegu 100 kwa kila mita 10 za mstari. Sehemu iliyosafishwa ilikuwa na mimea 88 kwa wastani, ukanda wa mawe 67.

Mavuno yalileta tatizo ambalo kusafisha hakukulitatua. Maharage yalipopurwa, mbegu zilikuwa na changarawe za ukubwa wa punje. Mashine ya kuokota haigusi kitu kidogo hivyo. Changarawe ziliingia kwa sababu mimea iling'olewa na mizizi yake na kurundikwa ikiwa na udongo, na ilibidi wanawake sita wachambue mbegu kwa mkono siku kadhaa. Msimu uliofuata mimea ilikatwa juu ya ardhi kwa mundu na kupurwa juu ya turubai, na uchambuzi ukapungua sana.

Uchambuzi: kina cha plau

Kosa kubwa la msimu huu lilifanyika kabla mashine haijawashwa. Mtu anaponunua mashine ya mawe anajiuliza, "Shamba langu lina mawe mangapi?" Swali hilo halina jibu mpaka aseme analima kwa kina gani. Kwenye udongo wa poromoko la volkano, chini ya mawe kuna mawe mengine, na hakuna mwisho wa kuyatoa. Maharage yanapandwa kwa kina cha sentimita 4 hadi 5. Planta inahitaji tabaka la sentimita 10 hadi 15 lililo safi. Jiwe lililolala sentimita 25 chini halimsumbui mtu yeyote, na mizizi inapita kando yake.

Katika nchi za baridi kali, maji yanayoganda ardhini husukuma mawe juu kila mwaka, na mkulima wa huko anaokota apende asipende. Mashamba ya Arusha hayana jambo hilo. Hapa jiwe hupanda juu kwa njia mbili: ama jembe limelivuta, ama mvua imechukua udongo uliolifunika. Njia zote mbili ziko mikononi mwa mkulima. Ndiyo maana uamuzi wa kushusha kina hadi sentimita 15 na ule wa kujenga kuta za kontua tunauona kama uamuzi mmoja, na ndio uliokuwa wa maana kuliko yote.

Kuna jambo jingine dogo. Mawe ya chini ya sentimita 5 yaliachwa kwa makusudi. Yanafunika udongo, yanapunguza nguvu ya matone ya mvua na yanazuia unyevu kukauka upesi. Shamba lenye mteremko likisafishwa mpaka liwe kama sakafu, mvua ya Aprili italichukua.

Uchambuzi: ahadi ya ekari kwa saa

Ahadi ya muuzaji ina ukweli wake kwenye karatasi. Upana wa mita 1.5 kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa ni mita za mraba 4,500, zaidi ya ekari. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba boksi halijai. Kwenye tani 13 kwa ekari, boksi la tani 1.8 linajaa mara saba. Kinachoamua kasi ya kazi ni muda wa kujaza, kusafiri, kumwaga na kurudi.

Hapo ndipo reki ilipolipa gharama yake. Bila reki, mashine ya upana wa mita 1.5 inatembea karibu mita 2,700 kumaliza ekari moja. Mawe yakishakusanywa kwenye mistari ya kila mita 4, inatembea mita 1,000 tu, na kila mita ina mawe mengi. Kifaa kilichotengenezwa na fundi wa mjini kwa chuma chakavu kilifanya mashine ghali iwe na faida. Mwenye fedha za kifaa kimoja tu, na shamba lenye tani chini ya 5 kwa ekari, anunue reki na kukodi vijana wa kuokota. Kitalu A kinaonyesha hivyo.

Umbali wa kumwaga nao haukupewa uzito mwanzoni. Kwenda na kurudi mita 400 kulichukua dakika kumi hivi. Kwa safari 58 za ekari zile 8, hizo ni karibu saa kumi za trekta ambazo hazingeokota jiwe hata moja, mbali na magurudumu yenye mzigo kushindilia udongo uliokwisha kulegezwa.

Uchambuzi: bolti

Namba iliyogongwa kwenye kichwa cha bolti ina maana. Namba iliyo kabla ya nukta ikizidishwa kwa 100 inaonyesha nguvu ya kuvutwa, kwa niutoni kwa kila milimita ya mraba. Bolti ya 8.8 ni 800, ya 12.9 ni 1,200. Kuweka ya pili mahali pa ya kwanza ni kuiambia mashine ivumilie nusu zaidi kabla ya kujilinda, na shafti, krosi na gia boksi havikutengenezwa kuvumilia hivyo.

Dereva hakuwa mzembe. Aliona kitu kinachokatika akatafuta kigumu zaidi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa nini inakatika. Sababu zilikuwa tatu, zote zilionekana: mawe yaliyozidi sentimita 30 hayakuondolewa mbele ya mashine, meno yalichimba sentimita 10 hivyo makasia yalikuwa yanasukuma udongo pamoja na mawe, na injini iliachwa mwendo mdogo ili kubana dizeli, kwa hiyo makasia yalizunguka polepole na kukwama. Bolti saba kwa siku zilikuwa zinatoa taarifa hiyohiyo mara saba.

Tahadhari moja haitakiwi kupitwa haraka. Kila bolti inapokatika mtu anaingiza mikono kati ya makasia na chekeche. Pitio lazima lizimwe, injini izimwe na ufunguo utoke, na boksi likiwa juu lishikiliwe na nondo yake ya kufungia, kwa sababu paipu ya haidroliki ikipasuka boksi halitoi onyo. Mashine hii pia hurusha vipande vya mawe. Hapa sheria ilikuwa asikaribie mtu ndani ya mita 50 ikiwa inazunguka, na nyuma ya kiti cha dereva kulifungwa wavu wa chuma.

Uchambuzi: unyevu wa udongo

Udongo wa majivu ukiwa na maji unashika mawe na kuziba chekeche. Ukikauka kupita kiasi unakuwa vumbi kali linalokula beringi na kujaza chujio cha hewa. Katika kisa hiki chujio kilisafishwa mara mbili kwa siku na grisi iliwekwa kila asubuhi na mchana. Kipimo kilichotumika ni cha mkono: kamata udongo wa kina cha sentimita kumi, ufinye. Ukishikana na kisha kuvunjika ukiugusa kwa kidole, kazi ifanyike. Ukibaki donge, subiri.

Mabonge yaliyojaza boksi siku za mwanzo yalitokana na plau ya visahani kugeuza tabaka la chini lenye unyevu na haro kupita mara moja tu. Mashine haijui tofauti ya bonge na jiwe. Zile siku mbili za jua baada ya haro hazikugharimu kitu.

Uchambuzi: mawe makubwa

Uzito wa jiwe hupanda haraka kuliko macho yanavyokadiria. Jiwe la mviringo la sentimita 30 lina kilo 40 hivi, la sentimita 50 lina 180, la mita moja lina karibu tani moja na nusu. Ukubwa ukiongezeka mara mbili, uzito unaongezeka mara nane. Kijiko kilipoteza saa tano kwenye jiwe moja lililoonekana kama meza juu ya ardhi. Lilikuwa ncha ya mwamba. Utaratibu uliofuata ni mzuri: chimba pembeni kwa mkono pande mbili. Ubavu wa jiwe ukirudi ndani, ling'olewe. Ukiendelea kutanuka mpaka sentimita 60 chini, liachwe, lipigwe rangi nyeupe, na mistari ya planta ipite kando. Mawe yaliyofaa kwa msingi wa nyumba yaliuzwa kwa tripu, na fedha hiyo ililipa sehemu ya kukodi kijiko.

Kitalu C

Mmiliki alitaka kitalu C kiwe cha pili kwa zamu. Kwa tani 28 kwa ekari, ekari 10 zingehitaji safari za boksi zaidi ya 150, sawa na saa 52 za mashine hata kwa kasi nzuri, kabla ya reki na kijiko. Tena kiko juu ya korongo, na mawe yake ndiyo yanayoshika udongo usiporomoke. Ushauri aliopewa, na ambao tunauunga mkono, ulikuwa asikisafishe. Alichimba mashimo ya parachichi kwenye nafasi zilizokuwa na udongo wa kutosha, sentimita 60 kwa 60, mawe yaliyotoka shimoni akayapanga nusu duara upande wa chini wa kila mche ili yashike maji, na katikati akapanda majani ya tembo kwa ajili ya ng'ombe.

Kabla ya masika ya pili miraba ilipimwa tena kwenye ekari 8 za B, baada ya haro ya sentimita 15. Ilitoa kilo 40 hadi 55 kwa mraba, tani 2 hivi kwa ekari. Mashine haikuingizwa. Vijana wanane na tela walimaliza kwa siku tatu.